Bei tulikubaliana, kazi ya gari ikaisha, mteja akalipa nusu. Wenzangu wa ditelingi (kusafisha gari kwa kina na kulipiga polishi), nyinyi mnapangaje bei?

Fundi_Mamboleo:

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Niko Kisumu, upande wa Mamboleo, karibu na barabara ya kwenda Kakamega. Nilianza kwa kuosha magari ya kawaida, ya mia tatu mia tatu. Baadaye nikanunua vakyumu ya kunyonya maji na mashine ya polishi, nikaingia kwenye ditelingi. Kazi naipenda kweli. Kinachonimaliza ni bei na watu.

Wiki jana mteja alinipigia simu akauliza kusafisha gari aina ya Noah ndani ni pesa ngapi. Nikamwambia 4,500. Akasema sawa, kesho gari litakuja. Asubuhi dereva akaliegesha, akaniachia funguo, akapanda boda akaenda zake. Kufungua mlango tu, harufu ya samaki ikanipokea. Gari lilikuwa limebeba samaki kutoka upande wa Bondo, maji ya barafu yakamwagika yakapita chini ya karpeti hadi kwenye sponji. Tuling'oa siti zote. Mimi na kijana wangu tulianza saa mbili asubuhi, tukamaliza giza likiingia.

Mwenyewe akaja jioni. Akazunguka gari, akaonyesha mkwaruzo mlangoni akasema haukuwepo. Akatuma 2,500 kwa simu, akaniambia mjini wanaosha kwa mia tatu. Akawasha gari akaondoka. Nilipomlipa kijana na kulipia maji, nilibaki na nauli.

Sasa nauliza: bei niandike kwenye ubao kila mtu aione? Niwe nashikilia gari mpaka mtu alipe? Na nyinyi mnajuaje kwamba bei ni ya haki, simwumizi mteja na wala sijiumizi mimi? Hapa kwetu kila mtu ana yake. Jirani yangu akiona Prado inakata kona anaongeza elfu mbili kabla hata mlango haujafunguliwa.

Bungoma_Magurudumu:

Pole ndugu. Kwangu funguo hukaa mfukoni mwangu mpaka ujumbe wa M-Pesa uingie. Na ujumbe usome kwenye simu yako mwenyewe, usisomewe kwenye simu yake. Kuna watu wanaonyesha ujumbe wa kutengeneza. Salio ndilo la kuamini.

Mwalimu_Maseno:

Niruhusuni niongee kama mwenye gari, maana naona hapa mko mafundi watupu.

Nina Fielder, naiendesha kati ya Maseno na Kisumu karibu kila siku. Mara moja niliambiwa 3,000 asubuhi, jioni nikakuta 5,500. Nikauliza kwa nini, nikajibiwa kazi ilikuwa nyingi. Simu yangu ilikuwa mfukoni siku nzima na hakuna aliyenipigia. Nililipa kwa sababu nilikuwa na watoto na usiku ulikuwa unaingia, lakini sikurudi tena pale.

Jambo la pili, kazi yenu nyingi hatuioni. Tunaona dashibodi imepakwa mafuta mpaka inateleza na magurudumu yanang'aa. Siku mbili baadaye vumbi limeganda juu ya yale mafuta. Kama ulichofanya kiko chini ya siti, na mimi sikuwa nimeona palivyokuwa, nitajuaje kwamba ulifanya?

Huyo mteja wako alikosea kulipa nusu baada ya kukubali, hilo simtetei. Lakini wengi wetu tunapunguza bei kwa sababu tumezoea kudhani ile ya kwanza imewekwa ili ipunguzwe.

MamaPolishi_Nakuru:

Fundi wa Mamboleo, kijana wangu, pole sana. Mimi niko Nakuru, yadi yangu iko upande wa Section 58, na kazi hii ndiyo imesomesha watoto wangu. Nimekasirika kwa niaba yako. Lakini naomba nijibu swali lako la mwisho kwanza, kwa sababu ukilipata hilo, mengine yatapungua. Na mwalimu ameshasema nusu ya jibu.

La funguo sikatai. Ila ukifika mahali pa kushikilia gari la mtu, mambo yameshaharibika. Atalipa leo, halafu atakusema kanisani na sokoni. Mimi nataka ugomvi uishe kabla maji hayajagusa gari.

Kwa simu usitoe bei. Toa bei ya kuanzia na useme waziwazi ni ya kuanzia. Mimi nasema: "Gari dogo lisilo na shida, ndani naanzia 4,500. La kwako nitakwambia tukiliona pamoja." Neno la pamoja usiliache. Dereva aliyetumwa haniachii funguo akaondoka. Namzuia robo saa, na kama mwenye gari hayupo, nampigia kwa video.

Robo saa hiyo naitumia hivi. Nafunga madirisha na milango yote, tunasimama nje tukiongea. Baadaye namwambia yeye afungue mlango wa nyuma na aingize kichwa kwanza. Mtu huzoea harufu ya gari lake mwenyewe, lakini ikikaa imefungiwa kidogo, ataisikia hata yeye. Kisha nainua zulia la miguuni upande wa abiria, naingiza vidole chini ya karpeti, nabonyeza. Pale ndipo maji hupenda kujificha. Sponji ikiwa imelowa, vidole vyangu vinatoka na maji na yeye anaviona. Nainua kifuniko cha gurudumu la akiba kule kwenye buti. Nasukuma siti mbele, naangalia reli zake: njugu, sarafu, maziwa ya mtoto yaliyoganda. Tukimaliza, mara nyingi mwenye gari mwenyewe anasema, "Kumbe ni kazi." Hapo sasa ndipo natamka bei.

Bei yenyewe inatoka wapi? Nakuonyesha ya kwangu bila kuficha, na wewe weka namba za Kisumu.

Kodi ya yadi, stima, maji, leseni ya kaunti na akiba ya kutengeneza mashine, kwa mwezi nahesabu 28,000. Nafanya kazi siku 26, kwa hiyo kila siku ninapofungua geti nina deni la karibu 1,080. Vijana wawili, kila mmoja 1,000. Mimi mwenyewe nimejiwekea 1,500, na hii usiiache, kwa sababu ukijisahau wewe utakuwa kibarua wa bure kwenye yadi yako. Jumla ni kama 4,580 kwa siku.

Hapa wengi wanagawanya kwa saa 9 za kufungua, wanapata saa moja ni 510, wanaona mambo ni mazuri. Lakini gari haliko yadini saa zote 9. Kuna kusubiri, kuna mvua, kuna mtu aliyesema anakuja na hakuja. Saa ambazo kweli mikono yetu iko kwenye gari ni 6 hivi. Gawanya 4,580 kwa 6: saa moja ni karibu 760. Hiyo ndiyo gharama yangu ya kweli.

Fielder ya kawaida ndani inachukua saa 5. Hiyo ni 3,800. Ongeza sabuni, dawa ya siti na vitambaa, 450. Ni 4,250. Nikimwambia 4,500 sijamwibia, na naweza kumwonyesha hesabu akitaka. Yako ya samaki ilikuwa saa 10 na dawa nyingi, tuseme 900. Ni 8,500 kabla hujapata hata shilingi ya faida. Ulipotaja 4,500 kwenye simu hukuwa unalijua gari, kwa hiyo bei ile haikuwa ya gari lile.

Ukijua namba yako ya saa, hata sauti yako inabadilika unapotaja bei. Mteja anaisikia tofauti.

Sasa yule anayesema "nipunguzie". Kwangu bei haishuki, kazi ndiyo inayopungua. Namwambia: "Mzee, kazi hii kwa 3,000 siwezi. Lakini kama una 3,000, nitafanya siti na karpeti, paa la ndani na buti tuviache. Au leta gari Jumanne wakati hakuna watu, nikufanyie yale yaliyobaki. Tuondoe nini?" Wengi wakisikia swali hilo wanatulia, kwa sababu wamepewa nafasi ya kuchagua na hakuna aliyewadharau. Wengine wanaondoa kitu kweli, na hiyo pia ni sawa, wamelipia walichopata. Anayeng'ang'ania apate yote kwa nusu, namtakia safari njema kwa heshima, na namwelekeza pale wanapoosha kwa bei nafuu. Kuosha kwa mia tatu si kosa. Ni kazi nyingine.

Sababu yangu ya kutoshusha si ugumu wa moyo. Nikimwambia mtu 6,000, akalia kidogo nikamkubalia 4,000, basi ile 6,000 ilikuwa uongo. Na yule mama mpole aliyekuja asubuhi akalipa bila kusema neno, ndiye aliyelipia kelele za huyu. Hilo linaniuma. Watu wapole ndio wanaolipa zaidi kwenye biashara zetu, na hiyo si haki hata kama hawajui.

Kwa hiyo jirani yako anayeongeza elfu mbili kwa sababu ya Prado anatuharibia sisi sote. Mwenye Prado si mjinga, anajua ameongezewa, ndiyo maana anaanza kukata bei kwa nguvu kabla hujamaliza sentensi. Kesho yake anafika kwangu na moyo uleule. Ugumu wa wateja wengi tumewafundisha sisi.

Ukishataja bei, andika. Si lazima fomu. Mistari minne kwenye WhatsApp yake: hali ya gari, kazi tutakayofanya, bei, saa ya kuchukua. Ongeza na picha. Na mstari mmoja ambao mwalimu wa Maseno angeushukuru: "Tukikuta kitu kipya tutakupigia kabla ya kuendelea." Tukikuta, tunasimama kweli. Vijana wangu wanajua hakuna kuendelea kabla mwenye gari hajajibu.

Na mkwaruzo. Huku Nakuru vumbi ni lile jepesi, linaingia kila mahali na linaficha kila kitu. Gari likija limevaa vumbi hilo, mwenyewe hajui rangi yake ilivyo. Ukishaliosha, mikwaruzo yote inatokea, na anayeiona kwa mara ya kwanza ataapa umeifanya wewe. Mimi silizunguki gari likiwa chafu. Linapigwa maji kwanza, hakuna kitambaa kinachogusa, kisha linaingia kivulini. Hapo nawasha tochi ya simu nikiilaza pembeni ya bati, napiga picha upande kwa upande, na mwenyewe yuko hapo. Mlango kwa mlango. Picha zinaenda kwake palepale, zinabaki na saa na tarehe.

Kwenye polishi uwe mkweli zaidi. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima (tabaka la chini) hadi klia (tabaka la juu lisilo na rangi), kwa kawaida ni mikroni 100 hadi 150, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Klia peke yake ni kama 40, wakati unywele wa kichwani ni kama 70. Kila ukipitisha mashine na dawa ya kukata, unapunguza klia ile, na hairudi. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha ukinasa, mwambie hautatoka kwa polishi, utapungua tu kuonekana, na usichukue pesa ya kuahidi utatoka. Nimeona mabati yaliyokatwa mpaka rangi ya chini ikatokeza, kwa sababu fundi aliogopa kusema hapana.

Ubao uweke, ndiyo. Andika bei za kuanzia kwa ukubwa wa gari, na chini yake uandike kwamba bei kamili ni baada ya kuliangalia pamoja.

Nyamasaria_Shiny:

Mama heshima yako, lakini hapo kwa Prado nitakupinga. Mwenye Prado ana uwezo. Mwenye Vitz anahangaika. Mimi nikimtoza mwenye nacho zaidi ndiyo napata nafasi ya kumsaidia asiye nacho. Huo si wizi, ni kusaidiana. Na hapa Kisumu gari kubwa likikwaruzika kidogo tu ni kesi. Kuna hatari ndani yake.

MamaPolishi_Nakuru:

Kaka, moyo wako ni mzuri na sitaki kuuvunja. Tuyatenganishe tu. Prado ina safu tatu za siti, paa kubwa, magurudumu makubwa. Inachukua saa 8 pale Fielder inapochukua 5. Toza hizo saa 8, ni halali yako. Hatari nayo ihesabu. Mimi gari lenye ngozi nyeupe ndani naongeza kwa sababu kosa dogo hapo ni ghali, na namwambia mwenyewe hivyo hivyo.

Ninachokataa ni ile pesa usiyoweza kuieleza mbele ya mwenyewe. Akikuuliza "elfu mbili hii ni ya nini?", utamjibu nini? Kama jibu ni "kwa sababu unazo", siku atakayojua mwenzake amelipa chini yake kwa gari kama hilo, umempoteza yeye na marafiki zake wote.

Kumsaidia mwenye Vitz, fanya kwa jina lake. Mwambie: "Bei ni 4,500, leo nakupunguzia 1,000 kwa sababu najua umetoka hospitalini na mgonjwa." Hapo anajua amesaidiwa na bei yako imebaki palepale. Nafanya hivyo mara kwa mara na pesa hiyo natoa mfukoni mwangu mimi.

Karani_Kakamega:

Niongeze la sheria kidogo, maana watu wengi hawalijui. Kenya ina Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Mkikubaliana na ndani yake kuna makadirio ya bei, hauruhusiwi kumtoza mteja zaidi ya asilimia 10 juu ya makadirio hayo. Kwa 4,500 ya Fundi, kikomo ni 4,950, isipokuwa mkubaliane upya kuhusu kazi iliyoongezeka. Kwa hiyo yule aliyemtoza mwalimu 5,500 kutoka 3,000 bila simu alikuwa nje ya sheria kabisa. Na ule mstari wa Mama, wa kupiga simu kabla ya kuendelea, unakukinga wewe na unamkinga mteja.

Kwa deni la 2,000, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016. Inasikiliza madai hadi shilingi 1,000,000, unaweza kujiwakilisha bila wakili, na hukumu inatakiwa kutoka ndani ya siku 60. Kwa 2,000 pengine utaona si thamani ya kupoteza siku za kazi, na sitakulaumu. Ila ujumbe wa WhatsApp wenye bei na neno lake la "sawa" ni ushahidi mzuri. Hata kumkumbusha tu kwamba unao, kwa lugha ya adabu, huwa kunatosha kwa watu wengi.

Fundi_Mamboleo:

Nimewasoma nyote, asanteni sana. Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu yangu. Kodi yangu ni ndogo kuliko ya Mama na niko na kijana mmoja, lakini hata hivyo saa moja imenitokea 520, na mimi nilikuwa nawaza kama 250. Nimeshtuka.

Sasa kuna jipya. Mwenye Noah amenipigia leo mchana. Jana mvua ilinyesha sana huku, na anasema harufu imerudi. Anataka nirudie kazi bure, na amesema nisipofanya ataniharibia jina. Mkwaruzo pia ameutaja tena, na picha sina. Mama, hapa ungefanyaje? Na harufu ya samaki unaitoa na nini? Mimi nilitumia shampuu ya siti na mwisho nikapuliza manukato.

MamaPolishi_Nakuru:

Mwanangu, mpokee simu na mwite "mzee" kama kawaida. Usimjibu kwa hasira yake.

Mwambie hivi: "Mzee, kazi yangu nasimama nayo. Lete gari tulifungue pamoja. Tukikuta chini ya karpeti niliacha unyevu, nitarudia na hutalipa kitu kwa hiyo. Tukikuta limebeba samaki tena, hiyo ni kazi mpya na tutaipangia bei. Na zile 2,000 za makubaliano yetu bado zipo, naomba uje nazo." Yote matatu kwa pamoja, kwa sauti moja. Usiache la 2,000 kwa sababu ya woga, na usilitumie kukataa kumsikiliza. Akisema hataki kulipa salio, basi hana haki ya kudai marudio ya kazi ambayo hajailipia. Hilo mwandikie, usibishane kwa simu.

Mkwaruzo uangalieni pamoja. Ukiwa wa juu juu, unapita na polishi ya mkono kwa dakika chache, mfanyie uishe. Ukiwa umeshuka mpaka kwenye bati, tazama pembezoni mwake. Ukiona kutu iliyokolea au uchafu uliozama, mwonyeshe kwa upole. Kutu nyepesi inaweza kuanza ndani ya siku chache, lakini iliyokolea huwa dalili kwamba mkwaruzo ni wa zamani.

Sasa harufu. Manukato hayaui harufu ya samaki, yanakaa juu yake tu, na ndiyo maana mvua ikiongeza unyevu hewani inarudi. Harufu ile inatokana na kemikali za jamii ya amini, na hizo hutulizwa na asidi. Ndiyo sababu samaki tunamkamulia ndimu. Kwenye gari tumia siki nyeupe iliyochanganywa na maji mengi. Jaribu kwanza sehemu isiyoonekana kama haitoi rangi ya kitambaa. Pulizia, acha ikae kidogo, inyonye na vakyumu, kisha suuza kwa maji safi na unyonye tena mpaka maji yanayotoka yawe meupe. Kama unapata dawa ya vimeng'enya, ile inayokula mabaki ya chakula, damu na maziwa, itumie baada ya siki kusuuzwa kabisa, kwa sababu asidi inaweza kuidhoofisha. Ifuate maelekezo ya chupa na uipe muda, haifanyi kazi kwa haraka.

Kama utang'oa siti za mbele tena, toa kwanza waya hasi wa betri na usubiri dakika kama kumi kabla ya kuchomoa plagi za manjano chini ya siti. Hizo ni za mifuko ya hewa. Ukizichezea betri ikiwa bado imeunganishwa, taa ya onyo inaweza kuwaka kwenye dashibodi, na huyo mzee atapata neno jingine la kusema.

Muhimu kuliko dawa zote ni kukausha. Kisumu kuna joto lakini hewa ina unyevu, na sponji ya chini ya karpeti hukauka polepole sana kuliko unavyodhani ukigusa juu. Inua karpeti lote, si kona tu. Kwenye sakafu ya bati utaona vizibo vya mpira vya mviringo. Vifungue, maji yaliyokaa yatashuka, kisha futa bati na uangalie kama kuna magamba ya samaki kwenye mikunjo. Magamba hayo ndiyo hurudisha harufu hata baada ya kuosha kila kitu. Weka sponji kivulini penye upepo, au feni, na usiirudishe siku hiyohiyo. Bonyeza na kitambaa kikavu cheupe. Kitambaa kikitoka na unyevu wowote, bado.

Kwa hiyo kabla hajaleta gari, mwambie litalala kwako usiku mmoja au miwili, atafute usafiri mwingine. Na mfungulie buti kabla hajaondoka, aone lilivyo.